Rais aliyekubali kuangushwa mkekani

Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Sina ugomvi na methali hiyo, ila nimeona jinsi sisi watu wazima tulivyoigeuza kuwa ngao. Mtu akishatimiza miaka arubaini hujihesabu kuwa samaki aliyekauka. Mwalike uwanjani, atakwambia mambo hayo ni ya watoto. Mhimize ajifunze jambo jipya linalotaka jasho, atakukumbusha umri wake, cheo chake na mgongo wake unaomuuma. Udhuru huo nimeusikia katika vyumba vya walimu mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Ndiyo maana leo nataka kuwasimulia walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi wetu, maisha ya mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuutoa udhuru huo, lakini hakuutoa.

Mtu huyo ni Theodore Roosevelt, rais wa 26 wa Marekani. Wanafunzi wasimchanganye na Franklin Roosevelt, jamaa yake aliyeitawala nchi hiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Huyu ninayemzungumzia alitawala kuanzia mwaka 1901 hadi 1909, na vitabu vya historia humkumbuka kwa mfereji wa Panama, kwa misitu aliyoihifadhi na kwa mapambano yake na makampuni makubwa yaliyohodhi biashara. Mimi navutiwa zaidi na jambo ambalo vitabu hivyo hulitaja kwa sentensi moja na kupita: kwamba akiwa na umri wa miaka 45, akiwa mkuu wa taifa kubwa, alivua koti, akasimama mkekani kama mwanagenzi, akakubali kubwagwa chini na mtu aliyekuwa mfupi na mwepesi kuliko yeye.

Tuanze utotoni, maana mti huanza na mizizi. Roosevelt alizaliwa jijini New York tarehe 27 Oktoba 1858 katika familia ya matajiri. Mali hiyo haikumnunulia pumzi. Aliugua pumu iliyomkaba usiku, hata wazazi wake wakawa hawana uhakika wa kesho yake, na macho yake yalikuwa dhaifu. Alikuwa mtoto wa vitabu na wa kukusanya wadudu na ndege. Babake alimweleza waziwazi kwamba akili anayo, mwili hana, na kwamba bila mwili akili yake haingemfikisha mbali. Ilimpasa aujenge mwili huo mwenyewe. Basi mtoto akaanza kuinua vyuma na kujinyoosha katika chumba cha mazoezi kilichotengenezwa nyumbani kwao.

Alipokuwa na miaka 13 hivi, akisafiri peke yake kuelekea ziwa la Moosehead katika jimbo la Maine, wavulana wawili walimchokoza. Alipojaribu kujitetea aligundua kwamba yeyote kati yao angeweza kumdhibiti bila hata kumuumiza. Fedheha hiyo ilimchoma kuliko ngumi yoyote. Aliporudi nyumbani alipata ruhusa ya babake, akaanza kufundishwa ndondi.

Wasomaji wangu wasidhani kwamba hapo alizaliwa bingwa. Roosevelt hakuwa na kipawa cha mchezo wowote. Alikuwa mzito wa kujifunza, mwenye macho ya kuazima miwani, na alichokipata alikipata kwa kurudiarudia. Mwaka 1879, akiwa mwanafunzi wa Harvard, aliingia katika mashindano ya ndondi ya chuo, akafika fainali, akapigwa. Hakuona haya kulisimulia jambo hilo baadaye. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na yeye alikuwa mshindani kwa maana hiyo hasa.

Maisha yalimpiga kwa ngumi nzito zaidi ya zile za ukumbini. Tarehe 14 Februari 1884 mamake na mkewe walifariki siku moja, katika nyumba moja. Alikwenda kujificha katika nyika za Dakota, akafuga ng'ombe na kukaa juu ya farasi mchana kutwa. Baadaye alirudi katika siasa. Mwaka 1898 aliongoza kikosi cha wapanda farasi vitani nchini Cuba, akawa gavana wa New York, kisha makamu wa rais. Rais William McKinley alipouawa kwa kupigwa risasi mwezi Septemba 1901, Roosevelt alishika hatamu akiwa na miaka 42. Hadi leo hakuna aliyeushika urais wa Marekani akiwa na umri mdogo kuliko huo.

Hapa ndipo kisa chetu kinapoanza hasa. Urais ni kazi ya kiti. Mtu huketi, husoma, hutia sahihi, na jioni hukaribishwa karamuni. Roosevelt alikuwa mlaji hodari, na mwili aliouhangaikia tangu utotoni ukaanza kumponyoka. Uzito wake ulivuka kilo 90. Tena mnamo Septemba 1902, gari la farasi alilopanda lilikumbwa na tramu huko Pittsfield, Massachusetts. Mlinzi wake alikufa papo hapo, naye aliumia mguu hata akafanyiwa upasuaji na kuendesha shughuli za serikali akiwa katika kiti cha magurudumu. Ni nani angemlaumu kama angesema enzi zake za michezo zimekwisha?

Hakusema hivyo. Alicheza tenisi na wasaidizi wake. Alipanda na kushuka majabali ya Rock Creek, kijito kinachopita jijini Washington, akiwa amewakokota mawaziri na mabalozi waliokwenda kumtembelea kwa nguo nadhifu. Alipigana kwa fimbo na Jenerali Leonard Wood, wote wawili wakiwa wamevaa kofia na vifuani wamejifunga kinga, na hata hivyo wakitoka na alama mwilini. Bado alicheza ndondi na maofisa vijana wa jeshi. Hayo yote lakini yalikuwa mambo aliyoyajua au yaliyofanana na aliyoyajua. Mwaka 1904 alikabili kitu kigeni.

Kule Japani, mnamo mwaka 1882, mwalimu kijana mwenye miaka 21, Kano Jigoro, alikuwa ameanzisha shule aliyoiita Kodokan. Alichukua mbinu za kale za kupigana bila silaha, akaondoa zile za hatari, akazipanga upya ziweze kufundishika kama somo. Mchezo huo akauita judo, yaani njia ya upole. Nawaomba walimu wamkumbuke huyu Kano, maana alikuwa mmoja wetu: kwa zaidi ya miaka 20 aliongoza chuo kikuu cha kuwafunza walimu mjini Tokyo, na hakuona kwamba elimu ya akili na elimu ya viungo ni vitu viwili vinavyogombania ratiba.

Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo aliitwa Yamashita Yoshitsugu. Mwaka 1903 Yamashita aliingia Marekani kwa mwaliko wa mfanyabiashara wa reli, Samuel Hill, na baada ya muda mfupi akafika Washington. Mkewe, Fude, naye alikuwa hodari wa mchezo huo, akawafundisha wanawake wa jiji hilo. Habari zikamfikia rais. Katika miezi ya Machi na Aprili 1904, mara tatu kwa wiki, baada ya saa za kazi, Yamashita alimfundisha judo katika Ikulu ya White House.

Mwalimu alikuwa mfupi, hata kilo 70 hakufika. Mwanafunzi alikuwa pande la mtu, tena lenye pupa. Kwa akili ya kawaida ungedhani mkubwa angemlalia mdogo. Mambo yalikuwa kinyume. Kila Roosevelt aliposukuma, Yamashita aliachia. Kila alipovuta, Yamashita alimfuata. Na katika kuachia na kufuata huko rais alijikuta hewani, kisha chini. Nguvu zake mwenyewe ndizo zilizomwangusha. Katika barua zake kwa watoto wake alieleza bila kificho jinsi koo lilivyomuuma kwa kukabwa na viungo vilivyovimba. Yamashita kwa upande wake alimsifu mwanafunzi huyo kwa bidii, ingawa alilalamika kwa upole kwamba uzito na haraka yake vilimtia mwalimu wake majeraha.

Wanafunzi wanaocheza judo wanajua kwamba somo la kwanza la mchezo huo si kuangusha. Ni kuanguka. Mwanagenzi hufundishwa kujiviringa, kupiga mkeka kwa mkono, kuficha kidevu, ili ardhi impokee bila kumvunja. Asiyejua kuanguka hawezi kujifunza lolote zaidi, kwa kuwa hofu ya kuanguka humkausha mwili, na mwili mkavu huangushwa upesi. Hebu fikiria basi mtu ambaye siku nzima mabalozi wamemwinamia, ambaye neno lake linatembeza manowari baharini, anafika alasiri na kuanza kufundishwa jinsi ya kuanguka. Tena ulikuwa mwaka wa uchaguzi, mwaka ambao wanasiasa huchunga hadhi yao kama mboni ya jicho. Mimi naona ushujaa hapo kuliko katika vita vyake vya Cuba. Vitani alikuwa jemadari. Mkekani alikuwa wa mwisho darasani.

Mwezi Februari 1905 alishuhudia pambano lililomfungua macho. Mwanamieleka wa Kimarekani aitwaye Grant, mtu mwenye nguvu nyingi, alipambanishwa na Yamashita. Kwa kanuni za mieleka aliyoijua Grant, kumlaza mpinzani chali ndio ushindi. Kwa hiyo alipambana kumlaza Yamashita chali, na Yamashita hakuwa na wasiwasi wowote wa kulala chali. Akiwa chini huko alimkaba Grant, na muda mfupi baadaye akamnasa mkono. Roosevelt alitafakari sana tukio hilo, akalieleza katika barua kwa mwanawe. Alitambua kwamba kile ambacho mchezo mmoja unakihesabu kuwa mwisho, mchezo mwingine unakihesabu kuwa mahali pa kuanzia. Mwaka huohuo Yamashita alikuwa akiwafundisha judo wanafunzi wa chuo cha maofisa wa jeshi la majini, Annapolis, na wakuu wa chuo walipotaka kumwachisha kazi, rais aliingilia kati ili aendelee. Alirudi kwao baada ya mwaka 1906. Alipofariki mwaka 1935 alitunukiwa dani ya kumi, mtu wa kwanza katika historia ya Kodokan kupewa daraja hiyo.

Ningeishia hapo, makala haya yangekuwa utenzi wa kumsifu mtu. Lakini haki ya historia ni kusema yote. Pupa ile aliyoilalamikia Yamashita haikumtoka Roosevelt. Wakati wa urais wake, katika ndondi za kirafiki, ofisa kijana wa jeshi alimpiga ngumi iliyopasua mishipa midogo ya damu ya jicho lake la kushoto. Uwezo wa kuona wa jicho hilo ukafifia na hatimaye ukatoweka. Hakumlaumu kijana yule wala hakumtaja jina, na hilo lilikuwa jambo la kiungwana. Lakini pia aliwaficha wananchi kwa miaka mingi kwamba kiongozi wao amepungukiwa na jicho, akatafuta mchezo mwingine, maisha yakaendelea. Mtu mzima anayeanza au kurudia michezo ajifunze hapa. Mwili wa miaka 45 hausameheki kama wa miaka 20. Ngumi ya barobaro haiulizi cheo cha mzee.

Kosa jingine lake lilikuwa kudhani kwamba alichokiweza yeye kila mtu lazima akiweze. Alipoona maofisa wa jeshi wamenenepa na hawawezi kukaa juu ya farasi, alitoa amri kwamba wathibitishe uwezo wa kwenda maili 90, yaani kilomita 145 hivi, kwa farasi katika muda wa siku tatu. Manung'uniko yalipozidi, mwezi Januari 1909, akiwa na miaka 50, alipanda farasi alfajiri kutoka Washington hadi Warrenton, Virginia, akarudi usiku uleule katika theluji na barafu, akiwa ameenda takriban maili 98 kwa siku moja. Walionung'unika wakanyamaza. Sikatai kwamba kiongozi anayetangulia mwenyewe kufanya anachoamuru ni adimu. Hata hivyo nashuku kwamba safari ile ilikuwa ya kuwanyamazisha watu zaidi ya kuwafundisha.

Kisha akaja kwetu. Alitoka madarakani mwezi Machi 1909, na tarehe 21 Aprili alitia nanga Mombasa akiwa na mwanawe Kermit na wataalamu wa taasisi ya Smithsonian. Alipanda gari moshi kuelekea bara akiwa ameketi kwenye benchi mbele ya injini, akitazama wanyama wa nyika za Kapiti kama mtoto. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wapagazi walimpachika jina la Bwana Tumbo, ishara kwamba judo haikuwa imeushinda mlo wake. Katika miezi kadhaa ya kupita Kapiti, Sotik, Naivasha, Mlima Kenya, Uganda na hadi Sudan, yeye na mwanawe waliua wanyama 512 kwa bunduki zao. Miongoni mwao walikuwamo vifaru weupe wa kaskazini, waliouawa katika eneo la Lado kandokando ya mto Naili. Dume wa mwisho wa jamii hiyo ya vifaru, aliyeitwa Sudan, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, mwaka 2018.

Ni kweli kwamba Roosevelt peke yake hakuwamaliza vifaru, na kwamba mizoga mingi ilipelekwa katika majumba ya makumbusho kwa ajili ya elimu. Ni kweli pia kwamba huko kwao alikuwa mtetezi wa misitu na wanyama. Lakini nikiiangalia hesabu hiyo nauliza: je, yule mwanafunzi wa njia ya upole alikwenda wapi? Yamashita alikuwa amemfundisha kwamba si kila kilichoko mbele yako kinahitaji kusukumwa. Somo hilo alilipokea kwa mgongo, sina hakika kama liliufikia moyo. Mtu aweza kujifunza kuanguka na asijifunze kuachia.

Miaka yake ya mwisho yaonyesha hivyo. Mwaka 1912, akigombea urais tena, alipigwa risasi kifuani mjini Milwaukee, akahutubia zaidi ya saa moja kabla ya kukubali kwenda hospitalini. Mwaka 1914 alikaribia kufa katika mto mmoja usiojulikana wa msitu wa Brazili, akaugua malaria na jeraha la mguu, wala afya yake haikurudi tena kamili. Mwezi Julai 1918 kitinda mimba wake, Quentin, aliuawa vitani nchini Ufaransa akiwa rubani. Roosevelt alifariki usingizini tarehe 6 Januari 1919 akiwa na umri wa miaka 60 tu.

Sasa tunavuna nini katika maisha haya, walimu na wanafunzi?

Kwa walimu nina neno hili. Kazi yetu ina hatari moja isiyoandikwa katika mkataba wowote: mtu huweza kukaa miaka 30 mbele ya darasa bila hata siku moja kuonja tena uchungu wa kutojua. Tunamkemea mtoto aliyeshindwa kugawanya desimali kwa sababu tumesahau jinsi akili inavyogoma mbele ya jambo geni. Dawa ya usahaulifu huo ni kuwa mwanagenzi tena. Awe ni judo, kuogelea, mpira wa wavu au mbio za polepole za jioni, mwalimu anayejifunza mchezo mpya ukubwani hukumbushwa na mwili wake kila wiki kwamba kushindwa hakumaanishi uvivu. Nina hakika mwalimu aliyeangushwa mkekani Jumanne atakuwa na subira zaidi darasani Jumatano. Hata daktari akimshauri aende taratibu, na ashauriwe kabla ya kuanza, taratibu hiyo ni bora kuliko kiti.

Vilevile tuyaangalie mazoea yetu. Katika shule nyingi nilizozitembelea, kipindi cha michezo kipo ukutani katika ratiba lakini uwanjani hakipo. Kimemezwa na hesabu au sayansi kwa kuwa mtihani umekaribia. Mtoto mwenye kipawa atapata njia ya kwenda mashindanoni. Anayedhulumiwa ni yule asiye na kipawa, mwenye pumu, mwenye miwani, yule ambaye hakuna timu inayomchagua. Roosevelt alikuwa mtoto huyo. Kama michezo ingekuwa ya mabingwa peke yao, asingekanyaga ukumbi wowote.

Kwa wanafunzi nasema: msikubali kuambiwa kwamba mlango wa jambo lolote umefungwa kwa sababu hamkuanza mapema. Lakini pia msiige pupa ya mtu huyu. Ushindani bila upole ulimgharimu jicho, na uligharimu viumbe wasio na hatia. Jifunzeni kwake kuanguka, kisha mjifunze kwa Yamashita kuachia.

Na kwako mwalimu mwenzangu unayedai umri umekwenda, kumbuka methali nyingine ya wahenga walewale uliowategemea: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wenye mvungu hawakutaja umri wa kuinama.